Kumbukumbu za Watu Wazima kama Ushahidi wa Utoto: Mfano wa Jinja na Mbale

Mtafiti wa utoto amewahi kuwa mtoto, na kwa hiyo hudhani anaijua njia. Watoa habari wake hudhani vivyo hivyo. Makala haya yanadai kwamba simulizi ya mtu mzima kuhusu utoto wake ni ushahidi wa utu uzima wake kwanza, na sera isiyolitambua hilo huweza kuwadhuru watoto wa leo.

Bwawa la Owen Falls, mjini Jinja, lilizinduliwa mwaka 1954, na maporomoko ya Ripon yakazama. Aliyezaliwa baadaye hakuyaona. Akisimulia ngurumo zake kana kwamba zilimbembeleza usingizini, si lazima awe mwongo. Huenda amerithi masikio ya mama yake. Hapo tarehe humsaidia mtafiti. Mwaka 1972, Idi Amin alipowafukuza Waasia, unatatiza zaidi. Mtoto wa miaka saba huenda aliona duka lililofungwa na mwenzake wa kucheza asiyerudi. Sababu na hukumu alizipata ukubwani. Katika simulizi yote huja pamoja, na swali linalofaa ni: hilo ulilijua lini?

Mbale ina kalenda nyingine. Miongoni mwa Wamasaba, imbalu, yaani tohara ya wavulana, hufanyika katika miaka ya shufwa, na asiyetahiriwa huhesabiwa mvulana hata akiwa na ndevu. Sheria ya Uganda humtaja mtoto kuwa mtu wa chini ya miaka 18. Kisu hakifuati hesabu hiyo. Mwanamume akisema "nilipokuwa mtoto", huenda anazungumzia umri wa miaka 20. Zaidi ya hayo, aliyesimama mbele ya umma bila kutikisika hawezi kwa urahisi kukiri kwamba usiku uliotangulia aliogopa. Hofu hufutwa, na utoto wote husimuliwa kama safari ya kuelekea ujasiri. Dada aliyemsindikiza kwa ngoma huukumbuka mwaka uleule kwa namna nyingine, lakini ni nadra kuulizwa. Huo ni upungufu wetu watafiti.

Athari zake huonekana katika mashamba ya miwa ya Busoga, panapojadiliwa ajira ya watoto. Mzee husema, "Sisi tulilima, tukawa watu." Pengine ni kweli. Hata hivyo, kulima bustani ya mama kabla ya kwenda shule si sawa na kukata miwa ya mwingine kwa ujira. Mshauri wa sera aliyelelewa kijijini huisikia kauli hiyo kwa moyo wake mwenyewe, akaikubali bila kuipima.

Kuwahoji watoto wenyewe ni lazima, ingawa nao hujifunza mapema kumjibu mgeni mwenye daftari kama anavyotaka kujibiwa. Kwa hiyo simulizi ya mzee na ya mjukuu ziwekwe bega kwa bega, na pale zinapopingana ndipo mahojiano yarudiwe.