Je, Wajua? Maajabu ya Mvua ya Dar

Sogea jirani, benchi lina nafasi. Je, wajua kwamba tone la mvua halina ile ncha tunayoichora madaftarini? Tone kubwa likianguka huwa kama andazi: juu mviringo, chini bapa. Na hulipiga bati lako kwa mwendo wa karibu kilomita 30 kwa saa!

Je, wajua milimita moja ya mvua ni lita moja ya maji kwa kila mita ya mraba? Sasa tupige hesabu. Desemba 2011 jiji lilipata milimita 156.4 kwa siku moja, mvua ambayo halikuwa limeiona tangu 1954. Bati la mita tano kwa sita, la nyumba ndogo tu ya Mbagala, kwa kipimo hicho humwaga lita 4,692. Hizo ni ndoo 234 za lita ishirini, kutoka paa moja! Nenda Uwanja wa Mkapa pale Temeke, chukua sehemu ya kuchezea peke yake: zaidi ya tani 1,100 za maji. Mamlaka ya Hali ya Hewa hututahadharisha juu ya mvua kubwa ikivuka milimita 50 kwa saa 24, na ile ilikuwa mara tatu yake. Zaidi ya watu 40 walipoteza maisha, Mungu awarehemu, na familia nyingi za mabondeni zikahamishiwa Mabwepande, Kinondoni, kuanza upya kwenye mahema.

Je, wajua maji yanayofunga barabara ya Jangwani huanza safari mbali? Mto Msimbazi unatoka vilima vya Kisarawe na Pugu, unapita katikati ya jiji, unaingia baharini pale Daraja la Selander. Kwa hiyo unaweza kusimama Magomeni chini ya jua kali, na mafuriko yakakufikia. Mvua yake imenyesha kwa wengine!

Na bahari nayo? Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu, maji ya pwani ya Dar hupanda na kushuka kwa zaidi ya mita tatu. Mvua kubwa ikikutana na bahari iliyojaa, mto hukosa pa kumwaga. Maji yanarudi nyuma, yanapanda kwa watu.

Hebu bahatisha: mwaka 1967 Dar es Salaam nzima ilikuwa na watu wangapi? Karibu 273,000 tu. Sensa ya 2022 ilihesabu 5,383,728, na Temeke peke yake 1,346,674. Yaani Temeke ya leo ni karibu Dar tano za wakati ule! Kila bati na kila ua wa saruji umekaa juu ya udongo uliokuwa ukinywa mvua.

Hii nakuomba uikariri, uwafundishe na watoto. Maji yaendayo kasi yakiwa na kina cha sentimita 15 tu yanaweza kumwangusha mtu mzima. Yakifika sentimita 60, hubeba gari. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani nzima, ndugu yangu, kwa hiyo usishindane nayo.

Je, wajua kwamba tarehe 23 Februari 1970, kule Mgeta katika milima ya Uluguru, mvua ya milimita kama 100 iliporomosha ardhi sehemu zaidi ya 1,000? Yote hayo kwa muda usiofika saa tatu! Watafiti walipohesabu makovu ya maporomoko, yaliyoanzia ndani ya msitu hayakufika hata moja kati ya mia. Karibu yote yalianzia kwenye mashamba na nyasi. Na kabla hujasema Mgeta ni mbali: maji ya mto Ruvu, yale ya bomba lako, yanatoka milima hiyohiyo.

Unadhani Dar ndiyo inanyeshewa? Kisiwa cha Réunion, katika Bahari hii hii ya Hindi, kilipata milimita 1,825 kwa saa 24, Januari 1966. Dar hupata kama 1,100 kwa mwaka mzima! Kimbunga Hyacinthe cha 1980 kilikimwagia kisiwa hicho milimita 6,083 kwa siku 15. Siri ni milima yake: kilele kirefu kinavuka mita 3,000, kinayainua mawingu na kuyakamua.

Vimbunga hutupita kwa sababu tuko karibu na ikweta, ambako mzunguko wa dunia hautoi msokoto wa kutosha. Lakini havitusahau kabisa. Aprili 1872 kimbunga kiliivamia Unguja, kikazamisha meli za Sultani Barghash na kung'oa mikarafuu. Pemba ikasalimika kwa kiasi kikubwa, ikawa kisiwa cha karafuu hadi leo! Aprili 1952 ikawa zamu ya Lindi, miaka 80 baadaye, mwezi uleule. Mei 2024 kimbunga Hidaya kikatua Mafia.

Wapo pia wanaoisubiri masika kwa hamu. Pwani yetu ina visamaki vya madimbwi, vya rangi za kupendeza, ambavyo dimbwi likikauka hufa vyote. Mayai yao hubaki kwenye tope kavu kwa miezi. Mvua ikirudi, yanaanguliwa.

La mwisho, na hili linanifurahisha kuliko yote. Tangu 2015, mradi wa Ramani Huria umewashusha wanafunzi wa vyuo, wakiwemo wa Chuo Kikuu Ardhi, hadi vichochoroni kuchora kila nyumba, kila mtaro na kila mahali maji yanapofika. Droni zilipiga picha kutoka juu, lakini kina cha mafuriko kilijulikana kwa wenyeji. Huenda jirani yako wa ukuta wa pili aliwaonyesha alama ya maji. Kamuulize!