Mabingwa wa Mawimbi ya Kutengenezwa

Kwa ukubwa wa mawimbi, ni vigumu kushindana na Delft, Uholanzi. Mfereji wa taasisi ya Deltares, uliofunguliwa 2015, una urefu wa mita 300, na ubao wake wa chuma, unaosukumwa na pistoni nne za haidroliki, huinua wimbi la hadi mita 4.5, yaani la kupita dari ya sebule yako. Lakini wimbi hilo hutoka upande mmoja tu. Linafaa kupimia kingo za kuzuia bahari. Jukwaa la turbini ya upepo linaloelea baharini hupigwa kutoka pembe zote.

Hapo mimi naipa kura FloWave ya Edinburgh, Uskoti. Ni tangi la duara la mwaka 2014, kipenyo mita 25, kina mita 2, lililozungushiwa makasia 168, kila moja likicheza kama mlango wenye bawaba chini. Yakisukuma yote pamoja, mawimbi hukimbilia katikati, yanagongana, na maji yanaruka juu kama mkuki.

Wageni hushangilia mkuki. Mimi nashangaa maji yanavyotulia baadaye. Aliyewahi kubeba ndoo kichwani anajua: maji yakishaanza kuyumba, hugonga ukingo yakarudi, na bega ndilo linaloloa. Matangi mengine huwekewa ufukwe wa bandia ili wimbi likafie huko. Duara halina ufukwe, kwa hiyo kila kasia huhisi msukumo wa wimbi linalokuja, likarudi nyuma kwa kipimo kinacholimeza. Ufundi huo wa makasia yanayomeza mawimbi uliendelezwa na Stephen Salter wa Chuo Kikuu cha Edinburgh.

Mkongwe wa fani hii ya matangi ni William Froude, aliyejenga tangi la kupimia mifano ya meli huko Torquay, Uingereza, mwaka 1872. Kanuni yake bado ndiyo inayotumika: ukipunguza vipimo mara 50, jukwaa la tani 10,000 linakuwa na kilo 80, chini ya gunia la mahindi, na wimbi la sekunde 14 linapita kwa sekunde 2.

Na wimbi maarufu kuliko yote? Lile lililopimwa kwenye jukwaa la gesi la Draupner, Bahari ya Kaskazini, Januari 1, 1995: mita 25.6. Watafiti walilizalisha upya FloWave likiwa limepunguzwa mara 35, kimo cha meza ya kulia. Mawimbi yaliyokwenda upande mmoja yalivunjika kabla ya kufika kimo hicho. Lilipatikana pale makundi mawili yalipokatizana kwa pembe ya nyuzi 120 hivi.