Gogo si Breki ya Mkono

Yeyote aliyewahi kusafiri katika gari ya abiria yenye bodi ya mbao visiwani kwetu anaijua sura hii. Gari inasimama kwenye mteremko, abiria wa nyuma wanajiandaa kuteremka na vikapu vyao, na kabla mguu wa kwanza haujagusa ardhi utingo amekwisha ruka chini na gogo mkononi, akalisokomeza nyuma ya gurudumu. Dereva hakumwamrisha. Hakuna abiria aliyeshangaa. Gogo hilo limo garini kama lilivyomo tairi la akiba, na pengine hutunzwa zaidi ya tairi hilo.

Tumeona vyema leo kuandika juu ya gogo hilo kwa sababu limekwisha kuwa ada, na ada ikishakomaa watu husahau kuuliza ilianzaje. Ilianza na breki ya mkono isiyofanya kazi.

Tuseme wazi kwamba hatuna ugomvi na gari za mbao. Mafundi waliochukua lori dogo lililoundwa kubeba mizigo, wakalijengea paa, mabenchi na mapazia ya kuzuia mvua, waliwafaa sana wananchi wa mashamba, na hata leo kazi ya mikono yao inastahili sifa. Linalotutia wasiwasi ni yale yanayotendeka chini ya sakafu wakati kazi hiyo nzuri ya juu ikiendelea.

Breki ya mkono si chombo cha ajabu. Ni wenzo wenye meno ya kuushikilia pale ulipovutwa, na waya unaokwenda nyuma kukaza brekishuu za magurudumu mawili. Katika malori mengi madogo yatokayo Japani waya huo hauendi magurudumuni, bali hukaza dramu moja iliyofungwa nyuma ya gia boksi, ikalizuia propela lisizunguke. Sasa basi, gari inapobadilishwa, chesisi hurefushwa, au sakafu mpya hupita mahali palipokuwa pa waya, au ekseli ya gari nyingine huletwa ambayo haina hata mahali pa kuufungia waya wenyewe. Waya wa zamani huonekana mfupi, hufungwa pembeni kwa kamba ili usiburure, na hapo ndipo breki ya mkono inapozikwa. Wenzo hubaki karibu na dereva, ukivutwa unalia meno yake vizuri kabisa, lakini mwisho wake hakuna kitu.

Hata pale ambapo waya haukuguswa, hewa yetu ya chumvi haiuachi. Waya wa breki hupita ndani ya ala yake, na maji ya bahari na matope ya masika yakishaingia humo, hupata kutu na kukwama. Dereva asiyeutumia kila siku huuharibu upesi zaidi kuliko yule anayeutumia.

Katika masika yaliyopita tulishuhudia wenyewe, kwenye mteremko mmoja kisiwani Pemba, gogo lililolowa mvua likiteleza chini ya gurudumu. Gari ilirudi nyuma hatua kumi au kumi na mbili, kisha ikaegemea ukingo wa barabara. Bibi mmoja alikuwa bado amesimama kwenye ngazi ya nyuma, ameshika mkungu wa ndizi kwa mkono mmoja. Utingo, kijana ambaye hatudhani ametimiza miaka ishirini, aliuondoa mguu wake kwa tofauti ya kufumba na kufumbua jicho. Abiria walicheka, kama watu wacheka baada ya hofu, na safari ikaendelea. Kwa kuwa hakuna aliyeumia, hakuna aliyeandika ripoti.

Wako watakaosema kwamba dereva aweza kuiacha gari ndani ya gia. Aweza, na ni vyema afanye hivyo juu ya breki ya mkono, lakini si badala yake. Injini iliyochakaa hushindwa kuzuia uzito mkubwa, na siku dereva atakapokanyaga klachi ili awashe injini, gari huwa haina kinachoishika ila mguu wake mmoja. Tena tunajua, na madereva wenyewe wanatujua kwamba tunajua, kwamba gari nyingi huegeshwa makusudi zikielekea chini kwa sababu betri ni mbovu na huwashwa kwa kuserereka. Gari isiyo na breki ya mkono na isiyo na betri huegeshwa basi mahali pale hasa ambapo haifai kabisa kuegeshwa.

Mwenye kubadilisha gari ana njia gani? Iliyo bora na rahisi kuliko zote ni kuirudisha breki ya kiwandani, kwa waya mpya wenye urefu unaolingana na chesisi mpya. Ikiwa ekseli imebadilishwa, ichaguliwe yenye mahali pa waya. Na kwa gari ndogo zilizotolewa dramu na kuwekwa disiki, kuna disiki zenye dramu ndogo ndani yake kwa kazi hiyo hiyo. Breki ya propela nayo yafaa na ina nguvu, ila yataka hadhari moja ambayo madereva wengi hawakuambiwa: ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, difu huliruhusu gurudumu hilo lizunguke huku na jingine lizunguke kule, na gari yaweza kuondoka ingawa breki imekazwa sawasawa. Hapo, na hapo tu, gogo lina kazi yake halali.

Njia isiyokubalika ni ile ya kufunga wenzo unaosukuma mafuta ya breki, kama ulivyo katika gari za mashindano, na kuuita breki ya mkono. Mafuta huvuja kidogo kidogo. Gari iliyoshikwa magharibi yaweza kuachiwa usiku wa manane, mwenyewe amelala. Ndiyo maana Mkataba wa Geneva wa mwaka 1949 na ule wa Vienna wa mwaka 1968 juu ya usafiri wa barabarani yote miwili inataka breki ya kuegeshea ishikiliwe kwa chuma chenyewe, hata dereva asipokuwepo.

Juu ya nguvu yake, Kanuni Namba 13 ya Umoja wa Mataifa, ihusuyo breki za malori na mabasi, inataka gari iliyojaa ishikwe kwenye mteremko wa asilimia 18, yaani unaopanda mita 18 kwa kila mita 100. Tuichukue gari ya tani 4 pamoja na abiria wake. Kwenye mteremko huo inavutwa chini kwa nguvu ipatayo uzito wa kilo 700. Gari hiyo hiyo ikiwa tupu, tena ikiwa kwenye uwanja wa tambarare, haivutwi kwa nguvu yoyote, na hata wenzo usiofungwa kitu utaonekana kuwa unaishika.

Hapa tunawaelekea wahusika serikalini. Baraza la Wawakilishi lilitunga Sheria ya Usafiri Barabarani mwaka 2003, na hatudai kwamba hakuna ukaguzi. Tunachosema ni kwamba gari kukaguliwa ikiwa tupu, kwenye kiwanja kilichosawazishwa, hakuna maana kwa breki ya aina hii. Unguja sehemu kubwa ni tambarare, na labda ndiyo sababu jambo hili limevumiliwa. Lakini Pemba ni nchi ya vilima na mabonde, na njia itokayo bandarini Mkoani inaanza kupanda mara tu mtu anapoiacha bandari. Gari iliyopasishwa Unguja yaweza kuvushwa kwa meli na kufanya kazi huko.

Wala haifai mzigo wote kumtwika dereva. Dereva wa gari ya abiria hupeleka hesabu kwa tajiri kila jioni, na siku gari iliyolala gereji ni siku isiyo na hesabu wala posho. Akisema waya umekatika huulizwa kama breki ya mguu inafanya kazi; akijibu ndiyo, huambiwa aendelee. Faini anayotozwa barabarani hulipa mwenyewe, na gari hutoka tena kesho yake na gogo lile lile. Faini hiyo ingemwendea mwenye gari, waya ungenunuliwa kabla ya jua kuchwa.

Tunapendekeza kwa hiyo kwamba kila gari iliyobadilishwa bodi, chesisi au ekseli isipewe leseni ya njia kabla haijajaribiwa ikiwa na mzigo. Haihitaji mashine ya kigeni. Magunia ya mchanga yenye uzito wa abiria wake yapakiwe, gari ipelekwe kwenye mteremko uliopimwa, ivutwe breki ya mkono, gia itolewe, na dereva ateremke. Ikae hivyo dakika tano kichwa kikielekea juu, na dakika tano kichwa kikielekea chini. Utingo wakati huo asimame kando ya barabara, mikono mitupu.