Redio ya Ridhaa: Mpya au Mtumba?

Anayepata leseni ya redio ya ridhaa, awe mwenye ishara ya wito inayoanza na 5H huko Tanga, 5Z huko Malindi au 5X huko Jinja, hukutana na swali la pesa kabla hajatamka neno lake la kwanza hewani. Mtambo wa mawimbi mafupi wa kurusha na kupokea, ule ambao wengi wetu tulizoea kuuita simu ya upepo, si kitu cha kukikuta kimepangwa dukani Kariakoo pamoja na televisheni. Huagizwa. Mwenye kuagiza ana njia mbili: atoe pesa nyingi kwa redio mpya iliyofungwa ndani ya boksi lake, au anunue iliyotumika kutoka kwa mwanaredio wa Ulaya, Marekani, Ghuba au Japani anayebadilisha vyombo, ama kutoka kwa familia ya mzee aliyefariki akaacha chumba kizima cha mitambo.

Ushauri mwingi juu ya jambo hili huanza na bei. Mimi naona tuanze na ubovu. Kila redio ina kiungo kitakachokufa kabla ya vingine, na kwa modeli nyingi kiungo hicho kinajulikana. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza mtambo unauzwa shilingi ngapi, jiulize: kiungo hicho kikifa nitakipata wapi kingine, na fundi gani atakifunga? Mwenye jibu anaweza kununua mtumba kwa moyo mkunjufu. Asiye na jibu atanunua redio kwa bei nafuu kisha ageuke mlinzi wa boksi la chuma.

Mahali pa kutazama kwanza ni transista za mwisho, zile zinazosukuma nguvu kuelekea antena. Redio ya wati 100 inaporusha kwa nguvu zote huvuta karibu ampea 20 kwa volti 13.8. Hizo ni wati 276 zinazoingia. Mia moja zinakwenda kwenye antena, na karibu zote zinazobaki zinakuwa joto ndani ya sanduku unaloweza kulibeba kwa mkono mmoja. Antena ikiwa mbovu, sehemu ya zile mia nayo inarudi. Redio ina ulinzi wake wa kupunguza nguvu hali hiyo inapotokea, lakini ukiutegemea ulinzi huo mwaka hata mwaka, transista zinachoka. Ugumu wa mitambo ya zamani ni kwamba transista hizo nyingi hazitengenezwi tena. Mfano ni 2SC2879 ya Toshiba, iliyowahi kutumika sana katika mitambo ya nguvu: leo soko la mtandaoni limejaa bandia zenye maandishi yale yale, na fundi hodari anaweza kufunga jozi asubuhi ikaungua jioni bila kosa lake.

Kuna magonjwa mengine yanayokwenda na jina la mtambo, na anayetaka mtumba ni lazima ayajue. Kenwood TS-440S ya miaka ya 1980 ni redio nzuri ya kusikiliza, ila gundi iliyomwagwa kiwandani juu ya vipande vya saketi ya kutengenezea masafa hubadilika kwa umri na kuanza kupitisha umeme. Siku moja unaiwasha, mahali pa tarakimu unaona nukta tupu. Ndugu yake TS-850S, iliyotoka mwanzoni mwa miaka ya 1990, ina kapasita ndogo za elektroliti ambazo huvuja na kula njia za shaba kwenye bodi. Hugundui hadi sauti inapoanza kukwaruza au urushaji unapokatika. Icom IC-751 ina jambo la ajabu zaidi: programu inayoiendesha huhifadhiwa kwenye kumbukumbu inayotegemea betri ndogo ya lithiamu. Betri ikiisha, redio inasahau namna ya kuwa redio. Kuna bodi mbadala zilizobuniwa na wanaredio zinazoondoa tatizo hilo, kwa hiyo muulize muuzaji kama imefungwa mojawapo. Katika Yaesu FT-857D, ambayo ni ya juzi juzi tu ukilinganisha na hizo, kioo huanza kuonyesha mistari kama ya pundamilia. Redio inaendelea kufanya kazi, lakini husomi kitu.

Redio za valvu kama Yaesu FT-101 nawaachia wazipendao. Zilijengwa kwa ustadi na huvumilia antena mbovu kuliko transista za mwanzo, lakini ndani yake mna volti zaidi ya 500, na kapasita zake zinaweza kubaki na chaji ya kuua hata baada ya kuchomoa waya ukutani. Hiyo si redio ya kujifunzia peke yako chumbani.

Unapokwenda kukagua mtumba, chukua multimita, mita ya wati na mzigo bandia wa omu 50, yaani kizuizi kinachopokea nguvu mahali pa antena. Tazama kwanza skrubu. Vichwa vilivyochubuka vinasema kuna mtu alishaingia ndani, na muuzaji akuambie aliingia kufanya nini. Nusa tundu la feni. Harufu ya kuungua haitoki upesi. Kisha rusha kwa kila bendi, usiishie kwenye moja. Redio inaweza kutoa wati 100 safi kwenye MHz 7 na 35 tu kwenye MHz 28, na hapo utajua kuna rilei au kichujio kimechoka. Iache irushe nusu dakika huku ukitazama mita: nguvu ikianza 100 ikateremka hadi 60, kuna kitu kinapata joto kisivyostahili. Sikiliza nayo kwa saa nzima, maana hitilafu nyingi za umri hazijitokezi hadi chuma kipate moto. Na kama muuzaji yuko mbali, mwombe video moja isiyokatwa inayoonyesha namba ya mtambo, bendi zote na mita ya wati. Mwanaredio mwaminifu haoni taabu kufanya hivyo. Anayesema hana muda, muache na redio yake.

Jihadhari pia na mtambo uliofunguliwa masafa, yaani uliokatwa kipande ndani ili urushe nje ya bendi za ridhaa. Aghalabu umefanyiwa hivyo na mtu aliyetaka kupiga kelele kwenye MHz 27, na redio ya namna hiyo mara nyingi imeendeshwa kwa fujo.

Mtumba wa Japani unataka neno la peke yake, maana sisi watu wa Afrika Mashariki tuna mazoea na magari ya huko na tunadhani kila kitu kitakuja sawa. Aliyenunua gari kutoka Japani anakumbuka ile redio ya FM inayoishia MHz 90, akakosa stesheni nyingi hadi alipofungiwa kibadilishi. Mitambo ya ridhaa iliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani ina mambo ya aina hiyo. Leseni za huko zina madaraja, na daraja la chini huruhusu wati 10 tu katika mawimbi mafupi, linalofuata wati 50. Ndiyo maana Icom IC-7300 huuzwa kule pia kama IC-7300M ya wati 50 na IC-7300S ya wati 10. Kwa picha huwezi kuzitofautisha upesi. Soma herufi ya mwisho kabla ya kutuma pesa.

Sasa redio mpya. IC-7300, iliyoingia sokoni mwaka 2016, ilibadilisha mizani ya soko zima. Badala ya kushusha mawimbi hatua kwa hatua kupitia koili na vichujio vingi, inayageuza kuwa tarakimu mara tu yanapopita vichujio vya mlangoni, na kazi iliyobaki inafanywa na programu. Faida yake ni kwamba vitu vya kurekebishwa kwa bisibisi vimepungua sana, hivyo vinavyoweza kupotoka kwa umri vimepungua pia. Kioo chake kinakuonyesha bendi nzima kwa wakati mmoja, nani yuko wapi. Ina kadi ya sauti ndani, kwa hiyo waya mmoja wa USB unatosha kuiunganisha na kompyuta kwa ajili ya FT8, njia ya kidijitali iliyotolewa mwaka 2017 na Joe Taylor, mshindi wa Nobel ya Fizikia ya 1993, pamoja na Steve Franke. FT8 inasoma ishara ambazo sikio la binadamu halizisikii kabisa, na kwa mtu wa mtaa wenye kelele nyingi za umeme ni neema. Lakini inarusha mfululizo karibu sekunde 13 katika kila 15 za zamu yako, na huo ni mzigo mzito kwa transista za zamani. Mwenye mtumba anayetaka FT8 ashushe nguvu hadi wati 25 au 30.

Redio mpya nayo ina udhaifu wake, na wauzaji hawausemi. Bodi zake zimejaa vipande vidogo kuliko punje ya mtama, na chipu kuu ikifa hakuna fundi wa mtaani atakayeibadilisha. Utanunua bodi nzima au utairudisha kiwandani. Waranti mara nyingi inafuata nchi uliponunua. Redio iliyonunuliwa Ulaya inarudi Ulaya, kwa nauli yako, na inapita forodha kwenda na kurudi. Hesabu hiyo iwekwe mezani mapema.

Kwa sisi wa pwani kuna adui mwingine asiyechagua mpya wala kuukuu. Chumvi ya hewa ya Zanzibar, Mombasa au Mtwara hutafuna soketi za antena na miguu ya vipande vya ndani. Redio iliyokaa miaka 20 katika nyumba kavu ya Ulaya inaweza kuwa na afya kuliko iliyokaa mitano kando ya bahari. Funika mtambo usipotumika, na uwashe mara kwa mara ili joto lake likaushe unyevu.

Sheria haina njia mbili. Kabla ya kulipa, peleka jina la modeli kwa mamlaka ya mawasiliano ya nchi yako, TCRA kwa Tanzania, CA kwa Kenya au UCC kwa Uganda, ujue kibali kinachotakiwa. Mtambo wa kurusha usio na karatasi unaweza kukaa bandarini hadi gharama za kuhifadhi zizidi bei yake.

Watu wengi pia humaliza pesa zote kwenye mtambo, wakasahau kwamba antena ndiyo inayoongea. Dipoli ya bendi ya mita 40 ni waya wa shaba wa mita 20 hivi, uliokatwa katikati na kutundikwa juu ya nguzo au minazi, na mchana inaweza kukuunganisha Dar es Salaam na Arusha bila shida. Tofauti ya wati 100 na wati 20 ni desibeli 7, kidogo zaidi ya hatua moja kwenye mita ya ishara ya anayekusikiliza. Antena iliyoning'inia vibaya inapoteza zaidi ya hapo. Theluthi ya bajeti yako iende kwenye waya, kebo ya koaksia, pawasaplai na fyuzi.

Kwa hiyo uamuzi wangu ni huu. Kama ndiyo redio yako ya kwanza na huna jirani mwenye vipimo, nunua mpya, hata ikiwa ndogo: Xiegu G90 ya wati 20 yenye kirekebisha antena ndani yake, au Yaesu FT-891 ya wati 100 ukiongeza kiunganishi cha sauti cha nje. Mwenye uwezo achukue IC-7300 na asijute. Kama una rafiki mwenye mzigo bandia na mkono wa kulehemu, mtumba wa kizazi cha Icom IC-706MKIIG au FT-857D utakupa wati 100 kwa pesa pungufu, ukishaupima bendi zote. Vyombo vya kabla ya 1990 vingoje hadi utakapokuwa na redio ya pili. Na kabla hujaamua chochote, tafuta wanaredio wa ridhaa walio karibu nawe, kama wale wa Amateur Radio Society of Kenya, uombe kukaa mbele ya mitambo yao jioni moja. Wengi watakupokea kwa furaha.