Usiku Ndio Unaokata Nywele

Mwanamke wa Kilembwe, huku kwetu Fizi, akisukwa Jumamosi jioni ili Jumapili aingie kanisani amependeza, usiku wa kwanza mara nyingi hapati usingizi. Akilalia kisogo, kisogo kinawaka. Akigeukia ubavu, nywele za panja zinavuta ngozi mpaka jicho linainuka. Basi hulala kifudifudi, paji la uso juu ya mkono, au hukaa kitako akisubiri jogoo awike. Asubuhi akilalamika, majirani humwambia avumilie, baada ya siku mbili tatu zitalegea zenyewe. Na kweli zitalegea. Tatizo ni namna zinavyolegea.

Sehemu ya kulegea huko ni nywele kuachia. Kila unywele umeota ndani ya kifuko kidogo cha ngozi, na mzizi wake hushikwa humo kwa miaka, kwa kawaida kati ya miwili na sita, kabla ya kupumzika na kudondoka. Ukivutwa mchana kutwa na usiku kucha, mzizi huachia kabla ya wakati wake na kifuko huvimba. Maumivu ya usiku ule ni dalili ya uvimbe huo. Kwa hiyo nasema tangu mwanzo: raha ya kichwa kitandani ndiyo kipimo cha msuko. Msuko usiokuruhusu kulala umekazwa kupita kiasi, hata kama mistari yake imenyooka namna gani.

Jambo hili limejulikana kwa madaktari muda mrefu. Mwaka 1907 daktari aitwaye Trebitsch aliandika kuhusu wasichana wa Greenland, huko kwenye barafu, ambao nywele za mbele zilikuwa zimewatoka kwa sababu ya kufungwa kwa kukazwa. Nalitaja hilo kwa makusudi, maana wapo wanaodhani kipara cha panja ni asili ya mwanamke mweusi. Si asili, ni mvuto. Karne moja baadaye, mwaka 2007, daktari wa ngozi Nonhlanhla Khumalo na wenzake wa Cape Town, Afrika Kusini, walichapisha hesabu zao: kati ya wanawake watu wazima waliowachunguza, karibu theluthi moja walikuwa na upungufu wa nywele unaotokana na kuvutwa. Kwa wasichana wa shule ilikuwa asilimia 17, na kadiri darasa lilivyopanda ndivyo idadi ilivyoongezeka. Ushauri wao ulikuwa mwepesi: msuko usiume, na nywele zilizolainishwa kwa dawa zisivutwe kwa msuko, kwa kuwa dawa imekwisha kuzidhoofisha.

Dalili za mwanzo unaweza kuziona mwenyewe kwenye kioo kidogo. Vipele vidogo vyenye kichwa cheupe huota pale mistari inapoanzia. Kisha nywele za panja huwa nyembamba na fupi, na mara nyingi hubaki utepe wa vinyweleo laini ukingoni kabisa mwa paji la uso, huku nyuma yake kukiwa kumefunguka. Ukiacha kuvuta wakati huo, nywele hurudi baada ya miezi kadhaa. Ukiendelea kwa miaka, kifuko hugeuka kovu, na kovu halioti nywele. Hapo hakuna mafuta ya sokoni yatakayosaidia, hata yawe na picha nzuri kiasi gani kwenye kopo.

Kwetu Fizi kuna mzigo wa ziada ambao vitabu vya urembo havitaji. Mama anayetoka shamba na mihogo au kuni mgongoni, kamba ikipita kwenye paji la uso, amekwisha kuvutwa na kusuguliwa mstari uleule wa nywele kwa saa nyingi. Akifika nyumbani, akala, akafunga kitambaa kwa kukikaza palepale kamba ilipokuwa, akalala hivyo mpaka alfajiri, sehemu ile haijapata hata saa moja ya kupumzika. Wanawake wa namna hii ndio wanaonisikitisha zaidi. Hawakosi uangalifu. Wanafunga kitambaa kila usiku kwa bidii, na bidii hiyo ndiyo inayowamaliza panja.

Sasa tuangalie msuguano. Unywele umefunikwa kwa ngozi nyembamba iliyopangwa kama magamba ya samaki, ncha zikielekea chini. Nywele zetu zimejipinda, na kila pindo ni mahali pepesi kukatika. Mafuta ambayo ngozi ya kichwa huyatoa hayashuki kirahisi kwenye njia yenye mapindo mengi, ndiyo maana shina huwa na unyevu na ncha zikawa kavu. Tena hukua polepole, takribani robo ya milimita kwa siku, yaani sentimita 9 hivi kwa mwaka. Piga hesabu: ncha ya unywele ambao ukinyooshwa unafika begani imekwisha kulaliwa usiku zaidi ya elfu moja. Kila usiku mwenye kichwa amegeuka mara nyingi juu ya godoro, mkeka au nguo zilizokunjwa. Watu wengi wanaolia kwamba nywele zao hazikui, kwa kweli zinakua. Zinakatika nchani kwa kasi ileile ya kuota kwake shinani, na kazi kubwa hufanyika wamelala.

Ndiyo sababu ya kitambaa, na kitambaa kinatofautiana. Pamba hunyonya mafuta na maji kutoka kwenye nywele, na nyuzi zake hushika magamba yale. Kitenge kipya chenye ugumu wake ndicho kibaya zaidi, kilichochakaa na kulainika kina nafuu. Kinachofaa ni kitambaa kinachoteleza. Hariri ni ghali na huku haionekani, lakini satini ya kawaida inafanya kazi hiyohiyo. Tena si lazima uinunue dukani. Kwenye mitumba tafuta koti la zamani au sketi yenye bitana ndani. Bitana ile ya kuteleza ikatwe, ipindwe ukingo, na imekuwa kitambaa cha kulalia, au ishonwe kama mfuko wa mto. Kuipima ni rahisi: ivute juu ya ncha za nywele zako kavu. Ikipita bila kunasa, inafaa. Mwenye mto uliovikwa satini anaweza hata kuacha kufunga kichwa, jambo ambalo kwa mama yule wa kamba ya kuni naliona bora kuliko yote.

Wazee wetu walikuwa na njia nyingine kabisa. Waluba wa Katanga, hasa wale wa Shankadi, walijulikana kwa mitindo ya nywele iliyoshuka nyuma ngazi kwa ngazi, kazi ya saa nyingi mno. Mtindo kama huo usingeweza kulaliwa. Kwa hiyo walichonga mito ya mti: kigoda kidogo chenye kiti kilichopinda, kikawekwa chini ya shingo au nyuma ya sikio, nywele zikabaki hewani bila kugusa chochote. Mingine ina sanamu za wanawake zinazobeba sehemu ya kulazia kichwa, na sanamu hizo zenyewe zimechongwa na mtindo uleule wa ngazi, kiasi kwamba leo, kwenye makumbusho kama yale ya Tervuren nchini Ubelgiji, anayetaka kujua nywele zilivyosukwa huko karne ya 19 huangalia mto wa kulalia. Watabwa wa upande wa Moba, kando ya ziwa letu hilihili la Tanganyika, nao walikuwa na mito yao. Huko Kenya wanaume wa Kiturkana hutembea na ekicholong, ambayo mchana ni kigoda na usiku ni mto, na kijadi ilinusuru nywele zilizopakwa udongo. Katika kaburi la mfalme Tutankhamun wa Misri, lililogunduliwa mwaka 1922, mlikuwa na mito ya aina hiyo pia.

Sishauri mtu arudi kulala juu ya mti, shingo za siku hizi hazijalelewa hivyo. Ninachokichukua kwao ni akili yao: waliunusuru mtindo kwa kuondoa uzito juu ya nywele. Wewe pia unaweza. Mwenye meshi ndefu, au rasta kama wanavyosema Kigoma, asizilalie wala asiziache zikabanwa chini ya bega, kwa kuwa akigeuka zitamvuta kwa uzito wa mwili mzima. Azikusanye zote juu ya kichwa, azifunge kwa kitambaa laini, si mpira, tena legelege kiasi cha kupitisha vidole viwili. Au azitupe juu ya mto, nyuma ya kichwa, zilale peke yake. Fundo la kitambaa lisikae kisogoni ambako utalilalia, wala katikati ya paji la uso. Liwekwe pembeni, juu ya sikio. Na ukingo wa kitambaa upite chini ya mstari wa nywele, kwenye ngozi tupu ya paji, ili usisugue nywele changa. Kidole cha shahada kikishindwa kuingia chini ya ukingo huo, fungua uanze tena. Asubuhi ukikuta alama ya kitambaa imechoreka kwenye paji, ulikaza.

Kwa asiyesuka meshi, mwenye nywele zake mwenyewe ndefu, dakika kumi kabla ya kulala zinatosha. Nywele zichambuliwe kwa vidole kuanzia nchani kupanda juu, maana chanuo likianzia shinani husukuma mafundo yote chini mpaka yakatike. Zigawanywe mafungu sita au manane, kila fungu lisukwe kwa kulegeza, mwisho wake ukunjwe ndani ufichwe. Usiku nywele zilizoachwa wazi hushikana zenyewe kwa zenyewe, na asubuhi chanuo hulipa gharama. Kusuka kwa uzi, kama bibi zetu walivyofanya, nako ni kuzuri sana kwa kulalia: nywele zinanyooka bila moto na ncha zimefunikwa. Sharti uzi usikazwe pale shinani. Acha nafasi ndogo, anza kuzungusha juu kidogo ya ngozi.

Mafuta yapakwe nchani, kidogo tu. Hapa tuna bahati ya mchikichi. Mafuta ya mise, yale ya kokwa, yana kwa wingi asidi ileile ya lauriki iliyomo kwenye mafuta ya nazi, na mafuta ya nazi yamepimwa na kuonekana kwamba hupenya ndani ya unywele na kupunguza uharibifu wakati wa kuosha na kuchana. Mawese mekundu yabaki jikoni, yatakuharibia shuka. Miezi ya kiangazi, kuanzia Juni, hewa ya huku mlimani ikikauka na vumbi likatanda, nyunyiza maji kidogo nchani kwanza, kisha mafuta juu yake ili maji yasitoroke.

Nimesema kidogo. Kulala na nywele mbichi zilizolowa ni kosa, hasa zikiwa zimesukwa na kufunikwa. Unywele uliolowa hunyumbuka na kukatika upesi kuliko mkavu, na meshi zilizojaa maji huwa nzito. Osha asubuhi, zikauke kwa jua. Joto na unyevu chini ya kitambaa vinaleta pia harufu na muwasho. Na kila mtu awe na kitambaa chake, kifuliwe na kuanikwa, kwa sababu mapunye na chawa hupita kwenye vitambaa na vitana vya kushirikiana. Mtoto mwenye mapunye apelekwe kituo cha afya: ugonjwa umeingia ndani ya unywele, na unahitaji vidonge, krimu ya juu haitoshi.

Watoto ndio ninaowaombea zaidi, kwa kuwa wao hawana sauti kwenye kigoda cha msusi. Binti wa miaka sita akilia usiku kwamba kichwa kinauma, usimwambie azoee. Washa taa, fungua mistari ya mbele usiku huohuo, alale. Na wewe dada msusi, kabla mteja hajainuka, mwambie anyanyue nyusi na kuinamisha kichwa. Akikunja uso, fumua panja na usuke upya bila kumdai nyongeza. Baada ya wiki sita, au nane zikizidi sana, msuko wote ufumuliwe, na kichwa kilale siku kadhaa bila kuvutwa na chochote.