Nzi wa Lodwar na nywele zake

Saa saba mchana Lodwar au Kakuma, nzi anatua usoni. Unampiga kofi, kumbe ashahepa! Macho yake makubwa yameona mkono, na vinywele vigumu vilivyojaa mwilini vimehisi upepo wake, maana vingi vina neva kwenye mzizi.

Miguuni ana vinywele vingine, pamoja na vijipedi vya kunata vinavyomshikilia darini kichwa chini. Hapo ndipo noma inapoanza. Turkana kuna trakoma, na nzi mmoja, Musca sorbens, anapenda sana macho ya watoto. Anakunywa matongotongo ya huyu, anatua kwa yule, na bakteria wamepata lifti ya bure.

Mtoto akiambukizwa tena na tena, kope hupata makovu ndani, hujikunja, na nywele zake hukwaruza jicho kila anapopepesa. Akiwa mtu mzima anaweza kupofuka.

Nzi huyu hutaga kwenye kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi, kwa hivyo choo humnyima pa kuzalia. Uso ulionawishwa nao humnyima chakula. Lakini pale mtungi wa maji unapobebwa kutoka mbali, mama ataanza na sufuria au uso?