Jicho moja limekwenda, mechi bado ipo

MCHEZAJI akipoteza jicho, mtaani huwa wanasema kwisha habari yake. Dean Shiels wa Ireland Kaskazini aliumia jicho la kulia akiwa na miaka minane, akabaki anaonea moja. Mwaka 2006, akiwa Hibernian ya Scotland, jicho hilo likaondolewa kwa upasuaji. Akarudi uwanjani, akaichezea Kilmarnock, na 2012 akasajiliwa Rangers. Mshambuliaji huyo!

Kwa vijana wa mchangani Arusha, kuanzia Ngarenaro hadi Usa River chini ya Mlima Meru, kiwiko au jiwe tu linaweza kulimaliza jicho. Kinachofuata hakina kelele. Kidonda kinapona, kijana anavaa miwani ya giza na mazoezini haonekani tena. Huku nyuma, tundu la jicho linasinyaa.

Tundu likikaa tupu muda mrefu, ngozi laini ya ndani hujikunja na kukaza. Ukiweka jicho bandia, linachomoka kama kiatu kisicho saizi yake. Kwa mtoto ni mbaya zaidi, maana mfupa wa upande ule unaweza kuchelewa kukua na uso ukapinda.

Ndiyo maana kazi inatakiwa kuanza mapema, ikiwezekana siku ile ile jicho linapoondolewa. Daktari huweka kigololi ndani kujaza nafasi, misuli hushonewa hapo ili jicho bandia licheze kidogo, na mbele hukaa kikombe chembamba cha plastiki kushikilia umbo. Baada ya wiki sita hadi nane hivi, jicho bandia hutengenezwa lifanane na mwenzake. Waliochelewa nao wana nafasi: tundu hupanuliwa kwa kipande cha ngozi laini ya ndani ya mdomo.

Wa Arusha aanzie kwa daktari wa macho wa hospitali ya mkoa, Mount Meru. Hospitali ya rufaa ya kanda ni KCMC, Moshi, kilomita 80 hivi.

Jicho bandia halioni, hilo lisifichwe. Mipira ya juu ndiyo inayosumbua, mpaka mtu azoee kukadiria umbali upya. Gordon Banks, kipa bingwa wa dunia 1966, aliacha kuona kwa jicho la kulia baada ya ajali ya gari 1972. Mwaka 1977 alikuwa golini Marekani, Fort Lauderdale Strikers.

Jicho lililobaki ndilo la kulindwa. Sheria namba 4 ya soka inaruhusu miwani ya michezo isiyo hatari, hivyo refa wa ndondo anayemtoa mchezaji kwa sababu hiyo tu akasome tena kitabu chake.